Shukrani ni Kitendo: Somo kwa Wanaowauguza Wazee Wao Ugenini

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu katika udhaifu, kisha akampa nguvu, kisha akamrejesha katika udhaifu na mvi. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyelelewa yatima akawa mlezi wa umma, na jamaa zake na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad.

Ndugu zetu wanaokaa Maskati, Dubai, Abu Dhabi, Doha na kwengineko katika nchi za Ghuba huuliza jambo moja kwa maneno mbalimbali. Mmoja husema: "Mama yangu amepooza upande, nami namuosha na kumlisha mwaka wa tatu sasa. Kwa ulimi nasema Alhamdulillahi, lakini moyoni nimechoka. Je, mimi ni katika wenye kushukuru, au ni katika wenye kuikufuru neema?" Mwengine husema: "Baba yangu hanijui tena. Huniita kwa jina la nduguye aliyekwisha kufa. Nishukuru kwa lipi?" Na mwengine husema: "Ndugu zangu wako mbali, wao huleta fedha na salamu, na mzigo wote uko juu yangu."

Somo hili limekusudiwa kuwajibu hao. Tutaeleza kwanza maana ya shukrani kwa mujibu wa madhehebu yetu, kisha namna neema inavyobadilika sura, kisha mas-ala ya sharia ambayo mwenye kuuguza hana budi kuyajua. Na tawfiki iko kwa Mwenyezi Mungu.

MAANA YA SHUKRANI

Watu wengi hudhani kwamba shukrani ni furaha ya moyo, na kwamba asiyejisikia furaha hakushukuru. Dhana hii si sahihi, nayo imewatia watu wema katika huzuni isiyo na lazima.

Wanazuoni wameeleza kwamba shukrani ina mahali patatu. Moyo hukiri kwamba neema imetoka kwa Mwenyezi Mungu. Ulimi humsifu kwa neema hiyo. Na viungo huitumia neema hiyo katika yale anayoyaridhia Mwenye kuitoa. Hili la tatu ndilo uzito wa shukrani. Tazama Suratu Sabaa, aya ya 13, ambamo Mwenyezi Mungu anawaamrisha jamaa wa Nabii Daud, amani iwe juu yake. Hakuwaamrisha waseme shukrani, bali aliwaamrisha waitende. Kisha akatukumbusha kwamba wenye kushukuru katika waja wake ni wachache. Wenye kutamka ni wengi. Wachache ni wenye kutenda.

Jambo hili lina mizizi katika itikadi yetu sisi Ahlul Haki wal Istiqama. Imani kwetu ni kauli, itikadi na matendo, wala havitengani. Na wanazuoni wetu, tangu zama za Imam Jabir bin Zaid na Imam Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima, wameligawa neno kufuru mafungu mawili. Kuna kufuru ya ushirikina, nayo humtoa mtu katika Uislamu. Na kuna kufuru ya neema, nayo ni ya Muislamu anayeacha faradhi au kutenda dhambi kubwa hali ya kuwa anakiri kwamba Mungu ni mmoja. Huyu hatoki katika mila. Hurithi na kurithiwa, huoa na kuolewa, na akifa huoshwa na kusaliwa. Lakini ameikufuru neema ya Mola wake, na asipotubu yuko khatarini.

Zingatia, ndugu yangu, jina walilolichagua. Wamemwita mwenye kuacha faradhi kuwa ni mwenye kuikufuru neema, yaani asiyeshukuru. Ikiwa kuacha wajibu ndiko kukosa shukrani, basi kuutekeleza wajibu ndiko kushukuru kwenyewe. Kuwaasi wazazi na kuwatupa ni katika dhambi kubwa alizozitaja Mtume (S.A.W.). Basi yule anayesema Alhamdulillahi mara mia kwa siku, na mama yake amelala chumba cha pili na hajafunguliwa mlango tangu asubuhi, huyo ulimi wake unashukuru na viungo vyake vinakufuru. Na yule anayeinuka usiku kumgeuza mzazi wake ubavu ili asipate vidonda, na moyo wake umechoka, na machozi yanamtoka, huyo yuko ndani ya shukrani, hata kama hakuyasikia matamshi yake mwenyewe.

Na kwa nini shukrani ya Mungu ikaunganishwa na wazazi? Kwa sababu Yeye mwenyewe ameziunganisha. Katika Suratu Luqman, aya ya 14, ametaja kwamba mama humbeba mwanawe kwa udhaifu juu ya udhaifu, kisha akaamrisha ashukuriwe Yeye na wazazi wawili, katika amri moja. Na katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, ametueleza habari ya mtu aliyefikia miaka 40, ambaye humuomba Mola wake amuwezeshe kuzishukuru neema alizoneemeshwa yeye na walizoneemeshwa wazazi wake. Umri huo ndio aghlabu ambao mtu huwa na watoto wadogo mkono mmoja na wazazi wazee mkono wa pili. Na tazama dua yenyewe: anaomba awezeshwe kushukuru. Maana shukrani nayo ni kazi inayohitaji msaada wa Mungu, na asiyeiona nyepesi asidhani kwamba yeye peke yake ndiye dhaifu.

NEEMA INAPOBADILIKA SURA

Fahamu kwamba neema haikai katika sura moja. Katika Suratur Rum, aya ya 54, Mwenyezi Mungu ameutaja umri wa mwanadamu katika hatua tatu: udhaifu, kisha nguvu, kisha udhaifu tena. Na katika Suratun Nahl, aya ya 70, ametaja kwamba wako watakaorudishwa katika umri dhalili kabisa, hata wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Kwa hivyo kusahau kwa mzee si aibu ya nyumba, wala si alama kwamba Mungu amemghadhibikia. Ni jambo alilotutangulizia habari zake ili likitufika tusishangae.

Jamaa zetu wengi wameyajua mabadiliko kabla ya uzee. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, wengi walitoka Unguja na Pemba wakiwa hawana ila nguo na watoto. Wako waliokwenda Misri, wako waliokaa Dubai na Kuwait, na wako waliobaki bara ya Afrika Mashariki. Mlango wa Oman ulipofunguliwa kwa wengi wao mwaka 1970, walifika nchi ya mababu zao na baadhi yao hawajui Kiarabu cha kutosha kununulia mkate. Vijana wa wakati ule, waliobeba watoto mgongoni na kuanza maisha upya, ndio wazee wanaobebwa leo. Mwanamke aliyejifunza lugha mpya akiwa mtu mzima ili aweze kumpeleka mwanawe hospitali, leo lugha ile imemtoka, amerejea katika Kiswahili cha utotoni mwake, na wajukuu hawamfahamu. Basi mwanawe awe mkalimani wake, kama yeye alivyokuwa mkalimani wa mwanawe mbele ya dunia yote. Katika Suratul Israa, aya ya 24, tumeamrishwa tuwaombee rehema wazazi wetu kwa sababu walitulea wakati wa udogo wetu. Sababu imetajwa ndani ya dua yenyewe, ili anayeomba asisahau ni deni gani analolilipa.

Wala usidhani kwamba neema ya mama imeondoka kwa kuwa amepooza. Zamani neema yake ilikuwa chakula alichokupikia. Sasa neema yake ni mlango wa Pepo uliofunguliwa ndani ya nyumba yako, usiohitaji safari wala nauli. Alipokuja mtu kwa Mtume (S.A.W.) akitaka kwenda kupigana jihadi, Mtume alimuuliza kama wazazi wake wako hai, alipojibu ndiyo, alimuelekeza afanye jihadi yake kwao. Na katika vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, binti yake Mtume, Bibi Rukia, alikuwa mgonjwa sana. Mtume alimwamrisha mumewe, Uthman bin Affan, abaki Madina amuuguze. Bibi Rukia akafariki siku zile zile. Na Mtume akamhesabia yule aliyebaki kuuguza fungu lake katika ngawira na ujira wa aliyehudhuria. Hii ni hoja kubwa kwa kila anayedhani kwamba kheri zinampita kwa kuwa hatoki nyumbani.

MFANO WA MADYAN

Kisa kinachowafaa zaidi wanaouguza ugenini kimo katika Suratul Qasas, kuanzia aya ya 22. Nabii Musa, amani iwe juu yake, ametoka Misri mbio, hana mali wala jamaa. Alipofika kisimani Madyan aliwakuta wanawake wawili wamewazuia wanyama wao pembeni, wakingoja wanaume wamalize. Alipowauliza, walimwambia kwamba hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea, kisha akaenda kivulini, akamuomba Mola wake, akikiri kwamba yeye ni muhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Mufasirina wamekhitilafiana kama mzee huyo ni Nabii Shuaibu au ni mtu mwengine mwema, lakini mafunzo ya kisa hayabadiliki.

Funzo la kwanza: mabinti wale walitoka kwa sababu ya uzee wa baba yao. Mwenyezi Mungu amekihifadhi kitendo chao ndani ya Kitabu kisomwacho mpaka Kiyama. Kazi ya kunywesha mbuzi, ambayo hapana aliyewasifia kisimani pale, imesifiwa na Mola wa mbingu saba.

Funzo la pili: dua ya Musa haikuwa na malalamiko juu ya alivyovipoteza, wala haikuwa na maneno ya kujifanya hana haja. Alikiri haja yake. Basi kukiri kwamba umechoka na unahitaji msaada hakupingani na shukrani. Mwenye kiburi ndiye asemaye kwamba hahitaji.

Funzo la tatu: faraja ya Musa ilimjia kupitia nyumba ya mzee yule yule. Hapo ndipo alipopata usalama, kazi na mke, akakaa miaka minane au kumi. Mara nyingi mlango wa faraja uko ndani ya wajibu unaotaka kuukimbia.

UCHOVU, HUZUNI NA NENO LILILOPONYOKA

Twende sasa kwenye swali la wengi: je, uchovu ni dhambi? La. Uchovu ni wa mwili na huzuni ni ya moyo, navyo havimo katika milki ya mtu. Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, kama ilivyo katika Sura Yusuf, aya ya 84. Wala hakuna aliyesema kwamba alikosa subira, kwa sababu mashitaka yake aliyapeleka kwa Mola wake. Kinachokatazwa ni kuchukia kadari ya Mungu, na kuitoa chuki hiyo juu ya mgonjwa kwa ulimi au kwa mkono.

Tumekatazwa katika Suratul Israa, aya ya 23, kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuchoshwa. Na wako waliosoma aya hiyo wakakata tamaa, kwa kuwa neno limeshawatoka saa nane za usiku, shuka zilipobadilishwa mara ya tatu. Hao nawausia wasiishie aya ya 24. Waisome na ya 25, ambayo wengi huipita. Humo Mwenyezi Mungu anatwambia kwamba Yeye anayajua zaidi yaliyomo nafsini mwetu, na kwamba tukiwa watu wema Yeye ni Mwenye kuwasamehe wanaorejea kwake. Baadhi ya mufasirina wamesema kwamba aya hii inamhusu mwana ambaye limemponyoka neno kwa mzazi wake, na nia yake ilikuwa ni wema. Basi aliyeponyokwa na neno afanye mambo matatu: amuombe Mungu msamaha, ambusu mzazi wake mkono na kumtaka radhi hata kama mzee hakumbuki, na atafute njia ya kupumzika kabla neno hilo halijarudi mara ya pili. La tatu ni muhimu kama la kwanza na la pili, kwani mwili una haki juu ya mwenyewe.

MAS-ALA ANAYOPASA KUYAJUA MWENYE KUUGUZA

Mas-ala ya kwanza: sala ya mgonjwa. Husali kwa kusimama. Asipoweza, husali kwa kukaa. Asipoweza, husali kwa kulalia ubavu, na huashiria rukuu na sijida kwa kadiri awezavyo. Maji yakimdhuru atatayamamu. Asiyeweza kuzuia mkojo atasafishwa, atabadilishwa nepi, atatawadha kisha atasali, wala hatakiwi zaidi ya uwezo wake. Na mgonjwa inayemwia taabu kutawadha kila wakati anaruhusiwa kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha.

Mas-ala ya pili: sala ya mwenye kuuguza mwenyewe. Asiyeweza kumwacha mgonjwa, kwa kukhofia ataanguka au atadhurika, naye anaweza kukusanya sala pale haja inapomfika, bila ya kupunguza rakaa akiwa ni mkaazi. Asili yake ni hadithi aliyoipokea Imam wetu Jabir bin Zaid kwa Ibn Abbas, kwamba Mtume (S.A.W.) alikusanya sala akiwa Madina. Hii ni rukhsa ya haja, basi isigeuzwe kuwa mazoea.

Mas-ala ya tatu: mzee aliyepotewa na akili. Akiwa hajui kabisa, kalamu imeondolewa juu yake. Hana sala, wala saumu, wala fidia. Akiwa akili yake huja na kwenda, atasali pale inapokuja. Na akiisali Adhuhuri mara tatu kwa kusahau, usigombane naye wala usimkatize. Hakuna dhara katika kumtaja Mola wake. Ama mzee mwenye akili timamu asiyeweza kufunga na asiyetarajiwa kupata nguvu, atalisha masikini mmoja kwa kila siku.

Mas-ala ya nne: watani. Hili huulizwa sana. Mama ameletwa kutoka Zanzibar kuja kukaa kwa mwanawe Maskati. Miaka inapita, na kila siku husema: "Mimi nitarudi kwetu." Je, asali kwa ukamilifu au apunguze? Katika madhehebu yetu, aliyetoka katika watani wake na akavuka farsakh mbili, nazo ni karibu kilomita 12, huisali sala ya rakaa nne kwa rakaa mbili, na huendelea hivyo maadamu hakuifanya nchi aliyofikia kuwa watani wake, hata muda ukiwa mrefu. Akisali nyuma ya imam mkaazi atakamilisha pamoja naye. Basi mjane huyu, ambaye nia yake ni kurudi, husali sala ya msafiri. Akiridhika na Maskati kuwa ndiyo kwake, atakamilisha.

Watoto wasimlazimishe mama kuigeuza nia yake, wala wasimcheke. Tazama sharia ilivyouheshimu moyo wake: imemuacha yeye mwenyewe aseme wapi ni kwao. Na anapopiga rakaa mbili katika chumba cha ghorofa ya nne, anamwabudu Mungu kwa kukiri kwamba ni msafiri. Na sote, hata tuliozaliwa hapa, ni wasafiri.

Mas-ala ya tano: sitara. Ni bora mwanamke aoshwe na mwanamke na mwanamume aoshwe na mwanamume. Ikikosekana njia, dharura huhalalisha kwa kadiri yake: mwana atafunika anapoweza kufunika, atazungushia mkono wake kitambaa, na atainamisha macho yake.

Mas-ala ya sita: mali ya mgonjwa. Dhahabu ya mama, kodi ya nyumba yake na pensheni ya baba si mali ya anayeuguza. Ni amana. Itumike kwa maslaha ya mwenyewe, na iandikwe. Asiyekuwa na akili hauzi wala hatoi zawadi. Jambo lake lipelekwe mahakamani ili awekwe mwangalizi.

NDUGU WANAOPELEKA FEDHA

Katika miaka niliyokaa kwenye kiti cha ukadhi, nimeona nyumba nyingi zikivunjika baada ya maiti kuzikwa, na chanzo kikawa ni nani aliuguza na nani hakuuguza. Walikuja mbele yangu ndugu watatu, wanaume wawili na dada yao. Dada alikuwa amemuuguza mama yao miaka tisa. Ndugu zake walikuwa wakileta fedha kila mwezi kutoka nchi nyengine. Mama alipokufa, walitaka hesabu ya fedha zile, na dada hakuwa na daftari. Alisema maneno ambayo sijayasahau: "Wameniuliza fedha zimekwenda wapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimelala vipi."

Hukumu ilikuwa wazi. Fedha iliyotolewa kwa matumizi ya mama na ikatumika si mirathi. Dada ni muaminiwa, na kauli ya muaminiwa katika matumizi hukubaliwa kwa kiapo chake. Nilipomwambia aape, yule kaka mkubwa aliinuka, akasema: "Hatumwapishi dada yetu." Wakatoka pamoja. Mirathi ikagawiwa kama ilivyo katika Suratun Nisaa, aya ya 11, bila ya kuongezwa wala kupunguzwa, kwani mafungu hayo hayabadiliki kwa kuuguza wala kwa kutouguza.

Katika kisa hiki mna nasaha kwa pande zote mbili. Ewe unayeuguza, andika. Daftari la riale mbili litakukinga na dhana mbaya, na litawakinga ndugu zako na dhambi ya kukudhania. Na ujue kwamba fungu lako la mirathi halitaongezeka, kwa sababu ujira wako hauko katika mali ya maiti.

Nawe unayepeleka fedha, usidhani umeshatekeleza. Wajibu wa wazazi uko juu ya watoto wote kila mmoja kwa uwezo wake, na fedha ni sehemu tu. Chukua likizo yako uje ukae mwezi mmoja, ndugu yako apate kulala. Piga simu uzungumze na mzee, si kumsalimia tu. Na mshukuru anayeuguza kwa neno la wazi, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu. Na mzazi anayetaka kumtunza mwanawe kwa wema wake afanye hivyo akiwa na afya na akili, mbele ya mashahidi, na wenzake wakijua, asije akaacha fitina badala ya shukrani.

Wala tusimsahau mtumishi wa nyumbani. Katika nyumba nyingi za Ghuba, anayemuinua mzee kitandani ni mwanamke aliyetoka nchi ya mbali, ambaye naye amemuacha mama yake kwao ili amuuguze mama yako. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tuwalishe watumishi katika tunachokula na tusiwatwike wasiyoyaweza. Mshahara wake ulipwe kwa wakati, apate siku ya kupumzika, na apewe nafasi ya kuzungumza na mama yake. Usitafute radhi ya mzazi wako kwa kumdhulumu mtoto wa mzazi mwengine.

SHUKRANI YA ANAYEUGUZWA

Anayeuguzwa naye ana fungu lake. Imam Nurud Din As-Salimi, aliyefariki mwaka 1332 Hijria (1914), alipoteza macho yake tangu utotoni. Alihitaji wa kumshika mkono, wa kumsomea na wa kumwandikia. Lakini vitabu vyake, kama Jawhar An-Nidham katika fikihi, Tuhfatul Aayan katika tarikhi, na Talqinus Sibyan kinachosomeshwa watoto, vimeuongoza umma mpaka leo. Aliihitaji mikono ya watu, na hilo halikumzuia kutoa. Basi nawe mzee uliye kitandani, usiseme huna kitu. Dua yako kwa anayekuosha ni hazina. Kisa unachomhadithia mjukuu, sura unayomsahihishia, neno "Mungu akuridhie" unalolitamka baada ya kila tonge, vyote hivi ni shukrani, na ni sadaka. Na mgonjwa huandikiwa yale mema aliyokuwa akiyatenda katika afya yake, kama alivyotubashiria Mtume (S.A.W.).

KHITIMISHO

Ndugu Muislamu, tumeona kwamba shukrani haipimwi kwa wepesi wa moyo, bali kwa utekelezaji wa wajibu. Basi wewe uliyechoka na bado unainuka, usijiite mwenye kuikufuru neema. Na wewe uliyepumzika ilhali nduguyo anabeba peke yake, usitosheke na neno Alhamdulillahi mpaka mikono yako nayo ilitamke.

Ewe Mola wetu, wawezeshe wanaouguza, waponye wanaouguzwa, waunganishe ndugu waliofarikiana, na wahurumie wazee wetu waliolala katika ardhi ya Unguja, Pemba, Oman na kila walikozikwa. Na tutakapofikia udhaifu wao, tujaalie mikono yenye huruma. Amin.

Wabillahi tawfiki.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Shukrani ina mahali pangapi, na upi ni uzito wake?
2. Nini tofauti ya kufuru ya ushirikina na kufuru ya neema?
3. Taja mafunzo matatu ya kisa cha Madyan.
4. Mama aliyekuja kukaa kwa mwanawe na nia yake ni kurudi kwao, atasali vipi? Na akisali nyuma ya imam mkaazi?
5. Jiulize wewe na nafsi yako: ni nani anayeuguza katika jamaa zako, na ni lini mara ya mwisho ulimshukuru kwa kitendo?